Kitanda cha Bwana Mstari

Aliyemuua mke wangu namjua. Hakumpiga risasi, hakumtilia sumu. Alimlaza. Ukisikia hivyo unaweza kucheka, na wapo waliocheka, lakini nipe nafasi niseme yote, maana mimi shule niliishia njiani na mkono wangu umezoea nyundo kuliko kalamu.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, mikokoteni, stendi za matangi. Mke wangu alikuwa akiwaambia wenzake sokoni kwamba ameolewa na mwanaume anayelipwa kutazama jua. Mdomo wake ulikuwa hivyo, haukosi neno. Ndiyo sababu alfajiri ile ya Jumapili alipoamka hana neno, nilishtuka kabla hata sijamtazama.

Jino lilianza kumsumbua Jumamosi, jino la chini, la mwisho kabisa kule nyuma. Alimeza vidonge vya maumivu, akanitania kwamba meno yangu ndiyo mabovu ila yake ndiyo yanauma, akalala. Alfajiri akanigusa bega. Kidevu kilikuwa hakionekani kilipoishia na shingo ilipoanzia. Chini ya taya kumevimba pande zote mbili. Mate yanamtiririka, anayapangusa kwa kitambaa, hawezi kuyameza. Nikamuuliza, "Vipi?" Akajibu kitu, sauti ikatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Sikuchelewa. Hilo neno nitalirudia mpaka nife. Nilimwamsha jirani mwenye pikipiki, tukamweka mke wangu katikati, mimi nikamkumbatia kwa nyuma. Tulipofika hospitali wafagiaji walikuwa bado wanafagia uwanja, na vumbi lilikuwa halijatua.

Mapokezi ya dharura tulimkuta muuguzi mmoja mwanamke, mrefu, wenyewe wakimwita Sista Mrefu. Huyo namtaja kwa heshima. Alimtazama mke wangu kabla hajaniuliza jina lake.

"Fungua mdomo, mama." Haukufunguka, ungepita kidole kimoja tu. "Toa ulimi." Hakuweza. Ulimi wenyewe ulikuwa umenyanyuka juu, kama kuna kitu kimeusukuma kutoka chini. Sista akamgusa chini ya kidevu, akaondoa mkono haraka.

"Kugumu kama ubao," akasema. "Limeanza na jino la chini?"

"Ndiyo, sista. Jana."

"Usaha umeshuka shingoni. Hii si habari ya jino tena, baba, hii ni habari ya pumzi. Sasa nisikilize: asilale. Akae hivi hivi alivyojiinamia, mwili wenyewe unajua unachofanya. Ukimlaza chali, ulimi unarudi nyuma na uvimbe unaziba njia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Akamwekea dripu na dawa ndani yake, akamvalisha kifuniko cha hewa usoni, akapiga simu akiwa bado anabandika plasta: mwite daktari wa koo, mwite mtu wa usingizi, waje na vifaa vya kufungua njia ya hewa. Kisha akaenda kichwani mwa kitanda, akavuta mgongo wa kitanda uinuke ili mgonjwa aegemee. Haukuinuka. Akavuta tena. Nikainama kumsaidia, na hapo ndipo nikaona.

Mgongo wa kile kitanda ulikuwa umechomelewa. Bawaba zote mbili. Na kazi yenyewe mbovu, madonge ya chuma yamekaa juu ya bawaba kama mavi ya mbuzi, na kipande cha fimbo ya kuchomelea kimeganda palepale, fundi hata hakujisumbua kukivunja.

"Sista, nani kafanya hivi?"

"Amri ya mkubwa," akasema chini chini. "Migongo ilikuwa huu juu huu chini. Akasema wodi inaonekana kama meno ya kizee. Vikachomelewa vyote, vikae sawa."

Mkubwa mwenyewe ni mganga mkuu wa hospitali ile. Wafanyakazi walimpa jina Bwana Mstari, kwa sababu alipenda vitu vinyooke. Vitanda kwenye mstari, viti kwenye mstari, ndala za wagonjwa chini ya vitanda, ncha zikitazama upande mmoja. Wanasema akipita anafumba jicho moja, kama mimi ninapokagua bomba kama limepinda. Tofauti ni kwamba mimi nakagua bomba.

Basi sista akamkalisha mke wangu pembeni mwa kitanda, miguu inaning'inia, kifua amekiegemeza kwangu na mto katikati. Akawa anavuta hewa. Inaingia kwa shida, ina sauti kama ya mluzi, lakini inaingia. Akanifinya mkono. Nikamwambia, "Wamekuja wanaoweza kazi, tulia." Nilidhani hivyo.

Mlango ukafunguka, akaingia Bwana Mstari na wageni wa suti nyuma yake. Wakaguzi, sijui wafadhili, watu wa kuandaliwa chai. Koti lake limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama bila yeye. Akafumba jicho moja, akatazama vitanda kuanzia mlangoni mpaka ukutani, na mstari wake ukavunjikia kwa mke wangu.

"Huyu mbona kakaa kama anangoja basi?"

"Daktari," sista akasema, "ana uvimbe chini ya ulimi, shingo yote..."

"Sista. Hapa ni wodi. Wagonjwa wangu hulala. Mlazeni."

"Daktari, njia ya hewa..."

"Nimesema mlazeni. Na huyu bwana anafanya nini juu ya kitanda cha hospitali?"

Nikasema, "Mimi mume wake. Sista amesema akilazwa..."

"Ndugu wote nje."

Hakumtazama mke wangu shingoni. Hilo ulishike. Alitazama kitanda. Angetazama shingo hata kwa kupepesa, amesoma yule, angejua. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mashuka.

Mlinzi akanishika kwapa akanitoa. Nikabaki kwenye kioo cha mlango. Wahudumu wawili wakamshika mke wangu, mmoja miguu mmoja mabega, wakamlaza kwenye mgongo ule ulionyooka kama rula. Akainuka. Wakamrudisha. "Tulia mama, tulia." Mkono wake ukawa unapiga hewa, unatafuta kitu cha kushika, ukashika kile kipande cha fimbo kwenye bawaba. Wageni wa suti walikuwa wamegeuka wanaonyeshwa mapazia mapya. Sista akapiga kelele, akawasukuma wale wahudumu, akamnyanyua mwenyewe. Lakini mkono ulikuwa umeshashuka. Daktari wa koo alikuja anakimbia na sanduku lake, akafanya aliyoweza, akatoka akiwa ameinamisha kichwa. Maji yakishamwagika, utazoa nini?

Bwana Mstari akatoka kuniambia. Akaniwekea mkono begani, mkono msafi.

"Pole sana. Tumejitahidi. Mgonjwa alichelewa kuletwa."

Na shemeji yangu alipofika, kaka wa marehemu, akamwambia maneno yaleyale. Na mama mkwe alipofika akiwa ameshikiliwa huku na huku, akaambiwa yaleyale. Alichelewa kuletwa. Maneno hayo mawili ndiyo niliyokwenda nayo msibani.

Msibani nilikaa kama mgeni. Shemeji akasimama mbele ya watu, macho mekundu, akasema, "Wengine walikuwa wanachomelea mageti ya matajiri huku dada yangu anavimba ndani." Nikasema si kweli, niliondoka naye alfajiri. Akasema, "Daktari mkubwa mzima aseme uongo, wewe muuza cheche useme kweli?" Mama mkwe akageuza uso ukutani. Nikamwambia mgongoni kwamba daktari ndiye aliyeamuru alazwe chali, hakugeuka. Huyo mama alikuwa akiniita mwanangu kuliko hata anavyomwita mwanawe. Tangu siku ile akawa ananiita "fundi", kama mteja.

Sista Mrefu naye alihamishiwa stoo ya mashuka. Nilimfuata huko kumwomba aseme ukweli mbele ya wakwe zangu. Akafunga mlango kwanza.

"Nilishasema kwenye kikao, baba. Ndiyo maana unaniona nahesabu mito. Nina watoto wanaonitegemea. Nisamehe."

Sikumlaumu. Mwenye kisu ndiye mla nyama, na kisu kilikuwa kwa mwingine.

Sasa nitakwambia nilichowaza, maana sitaki unione malaika. Nilikwenda kulitazama geti la nyumba ya Bwana Mstari. Geti zuri kwa macho, ila bawaba zake ni za kitoto. Kulichomelea akiwa ndani ni kazi ya kusubiri chai ipoe. Nilisimama pale nikapanga kila kitu: mashine niiweke wapi, waya niupitishe wapi. Kilichonizuia si huruma. Nilijua wangemwita fundi mwingine alifungue, yeye angebaki daktari, na mimi ningebaki mwehu. Nilitaka kitu kimoja tu: yale maneno yake ayameze, na ayameze mbele ya yule mama aliyegeuza uso.

Nikarudi kazini. Nikichomelea, namwona kwenye moto. Wateja wakanikimbia kidogo, wanasema fundi siku hizi ana kisirani. Kweli nilikuwa nacho. Nilikilea kama kuku anavyolalia mayai.

Siku moja akaja Sumaku. Huyo ni mnunuzi wa vyuma chakavu, tunamwita hivyo kwa sababu hapiti mahali pakabaki msumari. Mkokoteni wake umejaa.

"Fundi, leo nimekuletea bomba la maana! Vitanda vya hospitali. Chuma cha zamani hiki, ukikigonga kinaitika."

"Vimetupwa?"

"Wamepewa vipya. Hivi mkubwa katoa amri viondoke haraka, kabla ya sherehe."

"Sherehe gani?"

"Hee, wewe unaishi shimoni? Bwana Mstari anaagwa Ijumaa! Kapandishwa cheo, anakwenda kusimamia hospitali zote. Sasa nchi nzima italala imenyooka." Akacheka mpaka akakohoa. Akaniona sicheki. "Samahani, fundi. Nimesahau. Mdomo wangu huu nao uchomelewe."

Sikumsikia vizuri. Macho yangu yalikuwa kwenye kitanda cha juu kabisa. Madonge kama mavi ya mbuzi. Na kwenye bawaba ya kushoto, kipande cha fimbo.

Nikamwambia, "Hiki usikipakue hovyo. Kishushe taratibu."

Alikishusha bila kuuliza tena.

Jioni ile ile nilikwenda kwa mama mkwe. Mama huyu ana rovu, uvimbe wa shingo alioanza nao ujanani ukakua naye, sasa ni mkubwa kama papai dogo, na hulifunika kwa mtandio. Nilimkuta barazani anachambua mchele, shemeji ameegemea nguzo anatazama simu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi."

"Mama, Ijumaa kuna sherehe hospitali. Nakuomba twende."

Shemeji akanyanyua macho. "Sherehe? Umefiwa unatafuta pilau?"

"Sijakuita wewe."

"Mama yangu haendi popote na wewe. Ulichelewa na dada, utachelewa na yeye."

Nilikunja ngumi, nikaifungua. "Mama," nikasema, "nataka usikie yule daktari akiulizwa mbele yangu na mbele yako. Alimlaza chali. Nilikwambia siku ile hukunisikia. Sista alisema asilazwe, yeye akaamuru alazwe."

Mama mkwe akaacha kuchambua. Akashika mtandio wake, akauvuta juu ya shingo.

"Alilazwa chali? Na shingo imevimba?"

"Chali, mama. Kitanda kilikuwa hakiinuki."

"Hilo hukulisema."

"Nilisema. Ulikuwa umegeukia ukutani."

Kuku akaja kudonoa mchele, hakumfukuza. Kisha akasema, "Nitakwenda. Ila ujue, fundi, nitaamini kinywa cha daktari, si chako. Kinywa chako kina hasira."

"Haya, mama."

Ijumaa nilikifuta kitanda kile kikang'aa, nikakiweka kwenye mkokoteni wa Sumaku, nikakifunika kwa shuka jeupe. Sumaku akasukuma mwenyewe, akakataa nimsaidie. Mama mkwe akatembea kando yangu, shemeji nyuma, ananuna.

Getini mlinzi ni yule yule aliyenishika kwapa. Hakunikumbuka. Watu kama sisi tunafanana.

"Hiyo nini?"

"Zawadi ya mkubwa," nikasema.

"Nzito?"

"Atakavyoipokea mwenyewe."

Akafungua. Uwanjani walisimamisha maturubai, viti vya plastiki vimepangwa, na bila shaka vilikuwa kwenye mstari. Meza kuu ina maua na maji ya chupa. Mshereheshaji ana kipaza sauti, anasifu: "Mkubwa wetu! Mtu wa nidhamu! Aliyeikuta hospitali imepinda akaiacha imenyooka!" Watu wanapiga makofi yale ya kuhesabu chakula kitakuja saa ngapi.

Mshereheshaji akaona mkokoteni. "Naam! Zawadi zimeanza kuingia! Hawa ni akina nani?"

"Mafundi!" Sumaku akapaza sauti.

"Mafundi wetu hao! Pitisheni mbele, pitisheni mbele!"

Tukapita katikati ya viti, vigelegele vinalia. Tukakishusha mbele ya meza kuu. Bwana Mstari amesimama anatabasamu, koti lake la suti linang'aa. Nikavuta shuka.

Wengine wakacheka, wakidhani ni mzaha wa mafundi. Kisha wale wa dharura, wauguzi na wahudumu, wakakitambua. Kicheko kikafa kuanzia upande wao, kikaendelea kufa mpaka viti vya nyuma. Yeye mwenyewe akafumba jicho moja, mazoea tu, akakitazama.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Kitanda chako. Umekisahau. Nimekuletea ukalale huko unakokwenda."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndugu wa nje. Uliniambia ndugu wote nje. Nimerudi ndani."

Akanitambua. Nilimwona akinitambua. Akageukia watu na sauti ile laini.

"Ndugu zangu, huyu bwana alifiwa. Uchungu wake naujua. Lakini tuliyasema na nayasema tena: mgonjwa alichelewa kuletwa. Walinzi, mpelekeni taratibu."

"Huyu hapa ni mama yake mzazi," nikasema. "Mwambie yeye."

Akamtazama mama mkwe, akainamisha kichwa kwa adabu. "Mama yangu, pole. Ndivyo ilivyokuwa. Aliletwa amechelewa. Kitanda hakiui mtu."

Shemeji akanong'ona nyuma yangu, "Si unasikia?"

Mama mkwe akasogea mbele. Mtu mfupi, kandambili zake zina vumbi la njiani. Akakigusa kitanda, akapapasa godoro lisilokuwepo, yale mabati matupu.

"Hakiui mtu," akasema.

"Hakiui, mama."

"Basi ngoja nami nipumzike kidogo. Nimetembea toka nyumbani, miguu yangu si ya jana."

Akavua kandambili, akakaa, akapandisha miguu, akajilaza chali. Mtandio ukateleza. Rovu likaonekana na watu wote, limemkalia kooni.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Mke wangu alipata kuniambia kwamba mama yake halali chali, hulala ameegemea mito kama malkia. Nilijua hilo. Hatua moja ningeweza kumfikia nikamnyanyua. Sikwenda. Nilikuwa namtazama mtu mmoja tu usoni, na kisirani changu kikaniambia ngoja. Nikangoja.

Kwanza akatulia. Kisha ile sauti ikaanza. Ule mluzi. Hewa inaingia kwa kukwaruza. Kifua kinapanda, shimo la koo linabonyea. Mkono wake ukanyanyuka kidogo.

Na Bwana Mstari akapiga kelele. Haikuwa sauti ya mkubwa, ilikuwa sauti ya mtu.

"Mnyanyueni! Mkalisheni huyo! Shingo hiyo hailazwi chali! Mkalisheni, atakosa hewa!"

Akaruka meza yeye mwenyewe, chupa za maji zikaanguka, akafika kitandani akavuta mgongo wa kitanda uinuke. Haukuinuka. Akavuta tena. Kisha akaona bawaba, na mikono yake ikabaki pale juu ya madonge yale.

Aliyemkalisha mama mkwe ni Sista Mrefu. Sikujua alitokea wapi, stoo iko mbali. Akamkumbatia kwa nyuma, akamwinamisha mbele. "Vuta, mama. Taratibu. Hivyo hivyo." Hewa ikaingia. Mluzi ukapungua.

Mama mkwe akapangusa mdomo. Alipopata sauti, haikuwa kubwa, lakini kipaza sauti cha mshereheshaji kilikuwa kimeshushwa karibu naye, na mshereheshaji kwa bumbuwazi alisahau kukizima.

"Kumbe unajua," akasema. "Mimi hujanigusa, umenijua kwa macho tu, toka mezani. Na mwanangu? Yeye ulimtazama wapi?"

Bwana Mstari akafungua mdomo.

"Nakuuliza, baba. Mwanangu alichelewa, au alilazwa?"

"Mama, siku ile tulikuwa na wageni..."

"Sijauliza wageni."

Akatazama meza kuu. Wakubwa wenzake walikuwa wanatazama maua. Akatazama walinzi, nao wanatazama viatu vyao. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nikachukua kipaza sauti mkononi mwa mshereheshaji, hakunizuia, nikakipeleka mdomoni pa Bwana Mstari kama sista alivyomvalisha mke wangu kile kifuniko cha hewa.

"Hakuchelewa," akasema. Sauti ndogo. "Aliletwa mapema. Mimi ndiye niliyeamuru alazwe."

Nikamwambia, "Rudia. Wa nyuma hawajasikia."

"Fundi, nakuomba..."

"Rudia."

Akarudia. Yote, kwa kipaza sauti, mpaka mama lishe waliokuwa nyuma ya maturubai wakaacha miko yao wakaja kuchungulia. Aliposema "mimi", sauti ikamkatika. Watu wengine walimwonea huruma, niliwaona. Mimi sikumwonea. Nilimtazama anavyotafuta pumzi, nikaona inamtosha, anazo nyingi.

Usidhani kwamba dunia ilipinduka. Cheo alikipata. Wakubwa hawaanguki, wao huhamishwa. Siku ya tatu gari lilikuja likambeba na masanduku yake. Sista yupo bado kwenye mito na mashuka, nasikia wanasema "suala lake linashughulikiwa". Shemeji hajaniomba radhi, ila alikuja kunisaidia kubeba chuma bila kuitwa, na kwa yule hiyo ndiyo radhi.

Siku ile ya sherehe walitaka kumpeleka mama mkwe nyumbani kwa gari la hospitali. Alikataa. Alishika mkono wangu tukatoka getini, Sumaku mbele na mkokoteni mtupu. Tulitembea, yeye akipumzika kila penye kivuli. Tulipofika njia panda akasimama.

"Mwanangu," akaniita.

"Naam, mama."

"Huko anakokwenda yule, kuna watu?"

"Wapo, mama. Hospitali nyingi."

"Wanajua?"

"Hawajui."

Akafunga mtandio wake upya, akaukaza.

"Basi Jumatatu unipitie mapema, kabla jua halijawa kali."